Chai ya Keja, Bei ya Mtaa

Sikia buda. Chai ya soo tatu na finje si chai. Hiyo ni deposit ya keja, wameichemsha wakakuwekea kwa kikombe.

Na si eti niko na beef na wasee wa café. Zii. Kila msee na ganji yake. But cheki Sunday, saa nne asubuhi, pande za Westi. Mbogi nzima imepiga luku, miwani ya jua ndani ya nyumba, wanangoja ka-meza. Wakikapata, wanalipishwa thao na soo tatu. Juu ya nini? Mayai mbili, mkate slice mbili na avo imepondwa. Imepondwa, manze! Kwani meno zenu ziko leave?

Ebu tupige hesabu vile mtaa hupiganga: kwa KDF. Si jeshi, tulia. Ile ndazi ya ashu, ngumu hadi ikianguka ni tile inapasuka. Thao na soo tatu ni KDF mia moja na thelathini. Hapo umeshibisha ploti nzima, caretaker ndani, na bado umebaki na ya kurushia mbwa ya landi.

So kuanzia hapa shilingi tumeweka kando. Rate ni KDF.

Na kitu nasema ni moja tu, ndio usidai nimekuzungusha: breko ya kujipikia ndio flex kali imebaki Nai. Doh mob si lazima. Keja kubwa si lazima. Meko ya kilo sita imeshikana na kitanda inatosha. Ukijua kutengeneza chai yako, yai yako na kitu ya kusindikiza, ukae chini, udishi pole pole bila kuogopa mtu anakudai, wewe ndio sonko. Wengine wanakodisha tu feeling, na meza wanarudisha saa sita.

AVO NI YETU, TOAST NI YAO

Hii ujinga ya avo ndio huniuma zaidi. Avo inamea hapo Murang'a hadi inaanguka yenyewe. Ile ndogo ya ngozi rough, Hass, inapakiwa kontena inaenda Ulaya, inaenda Uarabuni, na tangu 2022 inaingia hadi China ikiwa freshi. Sawa, isafiri. Imepata visa kukushinda. Lakini kuna ile ingine, Fuerte, ya kijani, ngozi laini, inajaza mkono. Hiyo iko kwa mama mboga na bei ni KDF mbili. Mbili!

Alafu service. Mama mboga hana menu, hana QR code. Ako na swali moja tu: "Ya leo ama ya kesho?" Anabonyeza hapo juu karibu na kikonyo, tumbo hagusi, anakupea ya leo. Ukifika keja kisu inaingia bila kelele. Hakuna barista kwa hii Nairobi ashawai niuliza nitadishi siku gani.

LIGI YA BREKO, MSIMU HUU

Najua ulikuja kucheki table. Hii hapa. Refa ni mimi, VAR haiko.

Walioshuka daraja. Cornflakes na maji: bro, kama maziwa imeisha, lala tena. Overnight oats: hiyo ni uji yenye msee alishindwa kupika, akaificha kwa fridge, asubuhi akaipea jina ya kizungu. Na hawa watu wa intermittent fasting. Mtu akianza kufast tarehe tano na mfuko imejaa, hiyo ni lifestyle. Akianza tarehe ishirini na nne, huyo amesota. Njaanuary nayo sisi wote tunakuwanga kwa hiyo program, na hakuna mtu aliregister.

Katikati ya table. Mkate na strungi. Heshima yake iko, imesomesha wengi. Kudip ndio skill: mkate inaingia, unahesabu moja, mbili, inatoka. Ukifika tatu, tafuta kijiko uanze kuvua. KDF yenyewe iko hapo hapo. Hiyo unaeza dip hadi jioni, inarudi vile ilienda.

Smokie pasua iko top four, lakini hiyo ni team ya away. Ni ya stage. Saa moja asubuhi, Outering, trolley inatoa moshi, msee anapasua, kachumbari ndani, pilipili ya kushinda alarm, na makanga anakuitia "Tao finje, Tao finje!" ukiwa bado unatafuna. Tamu? Noma sana. But hapo unameza, haudishi. Hakuna mtu ashawai kusikia utamu ya kitu mkono moja ikiwa imeshikilia mlango ya nganya.

Uji. Hapa ndio wasee wa mjengo wametuacha mbali. Cheki yule msee wa uji power Gikosh na mitungi yake: wimbi, mtama, njugu, na kila kitu alipata njiani. Wimbi iko na calcium mob, so ukiona fundi amebeba simiti ghorofa ya nne bila lift, usiulize anatumia supplement gani. Na ile uji ya kuchacha, imelala ikakuwa na ka-ukali, hiyo siku hizi mababi wanaita probiotic. Wakianza kuiuza kwa jar, nitakuambia ni KDF ngapi.

Ugali ya jana. Usicheke. Wasee wa Western walishika hii form kitambo. Kata slice, weka kwa pan na mafuta kidogo, moto chini, wacha kila side ishike ukoko. Nje inalia, ndani ni laini. Chai moto kando. Peleka hiyo kitu Kilimani, uiite polenta toast, ni KDF themanini na service charge.

Chapo. Hii nayo inataka msee ako na subira. Maji ya kukanda ikuwe vuguvugu, dough ipumzike nusu saa chini ya sahani, ndio ile unga iache kuvutana na wewe. Alafu sukuma, paka mafuta, viringa, sukuma tena. Hapo ndio zile layer hutoka. Ukiruka kupumzisha, umepika kadi ya mwaliko. Hauna subira? Kibandaski iko hapo chini, KDF mbili kila moja, na hakuna mtu atakucheka.

Na kombe? Mahamri na mbaazi. Kombe iko Coasto na hairudi huku hivi karibuni. Unga imekandwa na tui la nazi na iliki, ikalala, ikafura, ikiguswa na mafuta moto inavimba hadi ndani inabaki hewa. Mbaazi zimelowekwa usiku, zikaiva kwa nazi hadi rojo ikashika. Msee wa Mombasa anadishi hiyo kitu mapema, kwa karatasi, na hapost. Sisi tunachanganya unga na maji, tunakaanga, tunaita mandazi na tunajiskia. Wametuchapa. Tushike mat turudi home.

CHAI, SASA MAKINI

Kwanza ujue unachezea nini. Majani ilipandwa Limuru 1903, mbegu ikiwa imetoka India. Saa hii Kenya ndio inauza nje black tea mob kushinda nchi yoyote dunia. Mnada iko Mombasa, na customer mkubwa ni Pakistan. Karibu yote ni CTC, yaani jani inakatwa, inararuliwa, inaviringwa hadi inabaki punje. Ndio maana inatoa rangi chap chap na iko na mgongo wa kubeba maziwa. So ukiniletea teabag moja ndani ya maji vuguvugu, na ka-jagi ka maziwa baridi hapo kando ndio nijichanganyie, nitakuuliza kwani ni mimi nimeandikwa hapa.

Vile inaenda ni hivi. Maji kwa sufuria, tangawizi umeponda, moto. Wacha ichemke vizuri, dakika tano hivi. Hapa ndio wengi huangukanga. Tangawizi mbichi iko na enzyme inakatakata protini ya maziwa. Ukiitupa kwa maziwa kabla haijachemka, asubuhi yako inageuka mala. Moto ndio huua hiyo enzyme. Huko Guangdong, China, wasee hufanya hivyo makusudi, maziwa inashikana, wanaita dessert. Wewe hauko Guangdong. Uko Umo. Chemsha.

Alafu majani, alafu maziwa. Ratio? Nusu kwa nusu ni chai. Maziwa robo ni chai ya harambee. Maziwa tupu ni kujionyesha, lakini kama kuna mgeni unamkatia, ruhusa unayo.

Sasa simama hapo. Simu weka mbali. Maziwa ikipata moto inatengeneza utando juu, mvuke inanaswa chini yake, ikikosa njia inabeba kila kitu inapanda nayo. Na huwa inangoja ile sekunde unacheki status ya ex. Ikipanda, punguza moto, ishuke. Ipande tena, ishuke. Hapo rangi inakuwa ile ya kueleweka. Chuja. Sukari ni kati yako na roho yako.

YAI INAJUA UKO NAI

Hapa nakuvunja akili kiasi. TikTok ikikwambia yai ni dakika saba ndio kiini ibaki laini, huyo msee ako chini huko, karibu na usawa wa bahari. London, pande hizo. Wewe uko mita 1,700 na kitu juu. Huku hewa haikandamizi maji sana, so inachemka kwa digrii 94 hivi, si 100. Na haipiti hapo, ata ufungue gas hadi mwisho. Unachoma tu KDF zako. Ongeza dakika moja, ongeza mbili ukitaka ikauke. Msee wa Mombasa yeye afuate TikTok vile iko, atakuwa sawa. Unaona? Hawa watu wa Coasto wanatuchapa hadi kwa physics.

Nilimshow fathe hii story. Akasema maji ni maji. Akarudi kwa gazeti.

Kama ni ya kukaanga, kitunguu kwanza, moto chini, ikuwe dhahabu. Nyanya. Hoho kama doh iko. Yai inaingia mwisho, koroga kidogo, dania, toa kwa moto ikiwa bado iko na unyevu, ju hiyo pan bado inaendelea kupika ata gas ikiwa off. Ukiingoja ikauke kwa moto, utadishi sole ya akala.

WAZAE NA MAONI ZAO

Wazae wako na maoni. Wazae wakonanga maoni. Fathe anadai breko mwisho ni saa kumi na mbili na nusu, redio ikiwa kwa taarifa ya habari, na mtu asiongee. Saturday! Saturday unaamka hiyo saa kufanya nini, kucheki kama jua imereport job? Mathe anadai mayai mbili kwa msee moja ni kiburi. Uncle anadai avo ni ya mbwa, shags walikuwa wanazirushia tu. Siku hizi ameskia bei ya Westi, ameanza kuuliza miche inauzwa wapi. Shosh anadai nduma ndio imemfikisha hapo, na kumbishia haiwezekani, ju akikupea sahani haondoki hadi uimalize.

Alafu hit song yao: maziwa ya Nyayo. Wueh. Hakuna mzae wa hiyo era utafungua maziwa mbele yake bila hiyo story kuanza. Ni 1979, Moi bado ni prezo mpya, watoi wa primary wanaanza kupewa maziwa free shule, kapaketi ka pembe tatu. Sawa. Ilikuwa poa, na maziwa ya bure mimi siwezi tusi. But wazae wangu, mlishakunywa. Iliisha. Hamuwezi taka tusimame tupige makofi kila mtu akifungua half litre.

Fathe akiona msee anakunywa oat milk anashika kifua. Anauliza oat inakamuliwa upande gani. Na hiyo bei ni KDF ngapi? Usimwambie. Ako na pressure.

MKATE ILIFIKA BUNGE

Na usidhani hizi ni story za jaba. 2024, Finance Bill ilikuja na plan ya kuchapa mkate VAT ya asilimia 16. Mkate! Ile ya gramu 400, ya KDF saba hivi. Wazae wakasema hawa watoto wa simu watanung'unika X alafu walale. June 18 streets zikajaa, na siku hiyo hiyo VAT ya mkate ikatolewa. June 25 watu wakafika hadi ndani ya Bunge. June 26 prezo akasema hasign.

Kuna maboyz na mamanzi walitoka keja hizo siku na hawakurudi. Hapo hakuna joke. So mtu akikushow Gen Z ni watu wa avo toast, muulize nani aliokoa toast.

KUDISHI NI SKILL

Sasa kila kitu iko ready, na wewe unataka kuharibu. Msee anapika saa nzima, anameza dakika tatu, macho ikiwa kwa reels. Zii. Tufanye hivi.

Simu uso chini. Piga picha moja ukilazimika, na filter wacha, chai haina pimples. Toka nje. Kaa kwa stairs ya ploti, ile step jua inafikanga kwanza, ju jua ndio kitu pekee hapa haitaki token. Chai ianze peke yake. Sip moja, bila kitu kwa mdomo, tangawizi ishuke hadi uisikie kifuani. Alafu chapo. Kisu na uma rudisha, tafadhali, kuna watoi wanaangalia. Rarua. Zoa yai, zoa avo, chumvi kidogo, rudi kwa chai. Music iko? Ya jirani wa juu inatosha. Mahewa yake huamsha hadi Donnie.

Na ujue harufu ya tangawizi haikai ndani ya keja. Ikitoka tu dirishani, kuna neighbour atakumbuka alikuwa anakuja kuomba chumvi. Huyo hajapika tangu ahamie. Mpee kikombe, mpee nusu chapo, mkae hapo mseng'enye landi vile maji imepotea tena. Jaribu kufanya hiyo kitu café. Onjesha msee wa meza ya kando yai yako uone vile soja watakuja.

BILL

Ndio usiseme nakuchezea. Maziwa ya nusu lita, KDF sita na nusu. Mayai mbili, KDF nne. Avo ya leo, mbili. Nyanya na kitunguu, mbili. Chapo mbili za kibandaski, nne. Majani, sukari na tangawizi natumai uko nazo, kama hauna basi breko si shida yako ya kwanza. Jumla, KDF kumi na nane na nusu. Rwabe inavunjika na inarudisha change.

Toa hiyo kwa zile mia moja na thelathini za Westi. Nimekuokolea KDF mia moja kumi na moja na nusu. Kwa mchezo.

Consultation yangu ni hiyo nusu. Tuma M-Pesa. Na weka ya kutoa.